Siku Shalom Alizaliwa

Butembo, tarehe 22/9/2002

Kwa binti yangu Elsa, muke wa Jéthro,

Salamu katika jina la Bwana. Ni mimi mama mukwe wako nakuandikia. Barua hii nimepatia dereva mwenye kupeleka majani ya chai kule Beni. Ukimuona umupe maji ya kunywa, ni mutu wa kanisa letu.

Shalom iko muzuri. Ameota meno ya chini na anauma kila kitu, hata kidole changu. Anakula bouillie, uji ya mahindi na soya, na usiku analala na mimi. Usikuwe na wasiwasi. Ile siku ulimuacha pale kwa kisima juu ya sauti ya sahani yenye ilianguka, ukakimbia mpaka kwa majirani ukipiga kelele, bengine balisema maneno mabaya. Mimi nilisema: huyu binti hapana mubaya, ni mugonjwa. Njo maana nilikutuma kwa kaka yako Salomon, upumuzike. Mutoto atabaki kwangu mpaka utapona. Nilisema vile mbele ya Jéthro kabla hajarudi kwa biashara yake Kamango, na sitabadilisha neno langu.

Lakini nimesikia unaenda kwa nyumba moja ya bamama bale banasikilizaka bantu. Banakupa dawa gani? Banasema habatoi hata kidonge, banakalisha mutu tu na kumuuliza maswali. Elsa, mambo ya kuzaa ni ya ndani ya nyumba. Mimi nilizaa mara saba na sikumueleza mutu. Kama kuna kitu kinakuuma, mimi niko.

Nakuombea kila asubuhi, mutoto wako kwa magoti yangu.

Kyakimwa, mama yako

*

Beni, tarehe 9/10/2002

Mama mupendwa,

Barua ilifika. Pale uliandika juu ya meno nilisoma tena na tena, mpaka bibi ya Salomon, wifi yangu, akanicheka.

Ni kweli, habatoi kidonge. Mama Mariette, ule mwenye ananisikiliza, alikuwa mwalimu kama mimi kabla ya kufundishwa hii kazi. Ananikalisha kwa benchi karibu ya dirisha, ananiomba nieleze siku Shalom alizaliwa, tangu mwanzo, polepole, macho wazi. Nikianza kutetemeka ananiuliza, "Miguu yako iko wapi sasa?" Namujibu, "Iko chini, kwa sementi ya Beni." "Na hapa kuna nani?" "Kuna weye na mimi." Halafu tunaendelea. Mara ya kwanza sikufika hata kwa kipoyi, kile kitanda cha kubeba bagonjwa, yenye ilinibeba mpaka maternité kuzaa. Nilitapika kwa kikwembe changu cha kujifunga. Sasa nafika mbali kidogo. Siku zingine nalala mpaka jogoo.

Mama, kuna shimo. Nakumbuka vitanda vilijaa bantu ba risasi, bakanilalisha chini. Nakumbuka infirmière, ule muuguzi, anavuta mutoto na ile mashine yao, mwingine ananikalia tumbo. Nakumbuka damu yenye moto inapita chini ya mugongo wangu. Kisha hakuna kitu. Naamuka kesho yake na sindano kwa mukono. Mama Mariette anasema kile mutu hajui, kichwa kinajitengenezea chenyewe, na kinatengeneza kibaya zaidi. Weye ulikuwa pale kwa mulango. Nieleze.

Anasema tena nialike mutu mumoja wa familia akae na sisi siku moja, asikie, ili nikirudi nyumbani nisikuwe peke yangu na haya mambo. Jéthro iko mbali. Nilifikiri juu yako.

Umubusu Shalom kwa shingo, pale chini ya sikio.

Elsa

*

Butembo, tarehe 27/10/2002

Elsa binti yangu,

Hakuna shimo. Infirmière alitoka akasema damu imekwisha ndani yako. Jéthro akakunja shati hapo hapo na akatoa yake. Mimi nilipiga magoti kwa couloir, inje ya chumba, na bamama ba kanisa, tukaimba mpaka kulipambazuka. Mungu akasikia. Njo vile tu. Damu ya bwana wako inatembea ndani yako. Wanamuke ngapi hapa Butembo banaweza kusema vile? Ushukuru, uache kulia.

Nitakuja Beni. Umuambie ule Mama Mariette nitakuja katikati ya mwezi wa kumi na moja, na nitaleta viazi na maharagwe ya Salomon. Nataka kusikia kila kitu, Elsa. Usione haya mbele yangu. Kama unanificha, nitakusaidia namna gani?

Wako katika maombi,
Kyakimwa

*

Beni, tarehe 20/11/2002

Mama,

Sijui nianze wapi. Tangu ulirudi Butembo nalala kama mutoto mudogo.

Ile neno nilisema mbele yako, sikukuwa nimemuambia mutu yeyote, hata Salomon. Kwamba balipomuleta Shalom, ameviringwa kwa kikwembe, kichwa kirefu juu ya kuvutwa, mimi nilisema, "Mumutoe hapa. Sitaki kumuona. Akufe, na mimi nikufe, tuishe." Nilipomaliza kusema nilingoja unitemee mate. Weye ukasimama, ukanikumbatia, ukalia mpaka kola yangu ikalowa, ukasema, "Maskini mutoto wangu." Ulipoenda, Mama Mariette aliniambia bamama mukwe ba namna ile ni bachache.

Jana mutoto wa Salomon alilia na nilikuwa nimemubeba. Nilitaka kukimbia kama siku ile ya kisima. Lakini sikumuweka chini. Nilimubeba mpaka akanyamaza.

Nimemuandikia Jéthro pia, kumushukuru juu ya damu yake. Sikujua, Mama. Nilidhani alinitoroka siku ile.

Nitakuja Noël, sikukuu ya Yesu kuzaliwa, kumuchukua Shalom. Nimeshamushonea shati, sijui kama nimekadiria vizuri.

Elsa wako

*

Butembo, tarehe 5/1/2003

Kwa Elsa,

Hukukuja Noël. Tulisikia Beni imejaa bakimbizi na magari haikutembea. Mungu anapanga mambo yake.

Familia ilikutana hapa nyumbani, pamoja na bazee ba kanisa. Niliwaeleza yale ulisema kule kwa benchi. Sikuongeza, sikupunguza. "Akufe." Mzee Muyisa, baba mudogo wa Jéthro, aliuliza, "Mama wa namna gani anasema vile juu ya mutoto wa kwanza?" Tuliomba, halafu tukaamua. Shalom atabaki kwangu. Jéthro alituma neno kwamba anakubali. Ukitaka kumuona unaweza kuja, nitakaa karibu. Kumubeba peke yako, hapana.

Usiseme nimekusaliti. Ulitaka mutu asikie, na nilisikia.

Ile shati umupe mutoto wa Salomon.

Kyakimwa

*

Kamango, tarehe 16/2/2003

Elsa,

Barua zako mbili zilinifikia siku moja, ile ya kunishukuru na ile ya kunitukana. Ya matusi njo niliweza kusoma mpaka mwisho.

Usinishukuru juu ya damu. Nilikuwa pale, nilikunja shati, basi. Zaidi ya hapo usiniulize mimi, muulize Mama.

Juu ya mutoto, unajua vile iko. Tangu Mbusa kaka yangu alikufa, Mama alibakia na mimi tu mwanaume. Siwezi kusimama mbele yake niseme hapana. Uniite mwanaume wa namna gani unataka, sitakasirika. Hapa mawese inauzwa vizuri na nimepata nyumba kule ngambo ya mupaka. Nakuambia ili usiningojee.

Jéthro

*

Beni, tarehe 20/3/2003

Mama Kyakimwa,

Siku ile ulikaa kwa benchi, kuna mambo niliruka juu ya heshima. Mama Mariette aliona naruka, lakini hakunisukuma. Sasa nayasema.

Maumivu ilianza siku ya kanisa, mutaa ukiwa na risasi upande wa juu. Gari ya mapadri ilipita ikibeba bagonjwa. Dereva akauliza kwa mulango kama kuna mutu wa kupeleka. Nilisikia sauti yako: "Hapa sisi ni bazima." Kesho yake nilikuwa natambaa chini, na ulibaambia bamama bale balikuja kuomba, "Anajifanya. Batoto ba leo banapenda sana hospitali." Nilipolia uliniingiza kitambaa mudomoni, ukasema ni juu ya baaskari basisikie. Risasi ilikuwa imenyamaza zamani, Mama. Ulikuwa unaona haya mbele ya majirani. Na ile kipoyi, ni bale majirani baliiita.

Nilitembea na hiyo siku mwaka muzima nikisema mimi njo mubaya.

Jéthro ameandika nikuulize juu ya damu. Nakuuliza. Ilikuwa ya nani?

Na ninamutaka mutoto wangu.

Elsa

*

Butembo, tarehe 14/4/2003

Elsa,

Unataka ile siku tangu mwanzo? Sawa. Kaa chini, uweke miguu kwa sementi vile balikufundisha.

Infirmière alitoka, mikono myekundu mpaka kwa kiwiko. Akasema bila damu hafiki asubuhi. Jéthro akakunja shati. Mimi njo nilimushusha mukono wa shati, nikamufunga kifungo. Nilimuambia infirmière kwamba huyu aliuguaka maini, damu yake ni mbaya. Nilidanganya. Binamu bake balikuwa kule inje, tayari kutoa yao, nikabarudisha nyumbani.

Unanihukumu? Mbusa alichukuliwa njiani akitoka shambani, na mwili wake sikuupata hata wa kuzika. Nilibakia na mutoto mwanaume mumoja, na mujukuu alishatoka muzima, namusikia analia. Weye ulishakuwa mweupe kama unga ya muhogo. Nilikutazama pale chini nikasema ndani ya moyo, huyu amemaliza kazi yake.

Kulikuwa askari kwa couloir, analinda benzake ba majeraha. Kijana tu, anatafuna muwa. Alisikia, akatema maganda, akasema, "Mukamate yangu, niko nayo mingi." Hakuna mutu alimuomba. Bakamulalisha karibu na weye. Njo ile iko ndani yako, Elsa. Ni damu ya bale baliua Mbusa. Kama hapana yeye, basi ni ndugu yake.

Na maziwa yako haikukauka. Kisha homa ilikurudisha chini, hujitambui, nikakufunga kifua na kikwembe siku mingi, nikakaza mpaka ukalia usingizini. Ulipoamuka nikakuambia ni ugonjwa uliikausha. Sikutaka Shalom anyonye ile damu.

Sasa uende ukamuelezee Mama Mariette, akushike mukono. Mimi mbele ya kanisa nitasema sijui kitu. Batamuamini nani? Mwenye alisema "akufe," ao mwenye analala na mutoto?

Shalom anatembea. Ananiita Mama. Mwezi wa sita namupeleka Kasugho kwa dada yangu, kule ndani ya mashamba ya pori, mahali gari haifikake. Nakuambia mapema usipoteze nauli yako.

Kyakimwa

*

Beni, tarehe 12/5/2003

Mama mupendwa,

Barua yako niliipata. Nilikuwa na hasira, sasa imepoa. Ni vile ulisema, mutoto anamujua mwenye analala naye. Mimi sina hata kitanda changu, nalala kwa salon ya Salomon. Sitakuja kugombana na weye. Kule kwa Mama Mariette pia nimeacha kwenda, niliona maneno inanichokesha bure.

Naomba kitu kimoja tu. Usimupeleke Kasugho kabla ya katikati ya mwezi wa sita. Namufumia sweta juu kule porini mvua haiishake, na mikono haijakwisha. Nitaituma kwa mutu.

Usalimie bamama ba kanisa. Je, mukutano wenu ingali siku ya tatu ya juma asubuhi, ao mulibadilisha? Nakumbuka vile mulikuwa munaimba.

Binti yako mwenye kukutii,
Elsa

*

Butembo, tarehe 6/6/2003

Mwizi,

Nilikuwa naimba. Ulijua nilikuwa naimba! Niliporudi, mulango wazi, jirani mwenye nilimuachia mutoto anakaa chini mikono kwa kichwa.

Ameniambia yote. Uliingia na Salomon na chef de quartier, mukubwa wa mutaa. Ulisema jina lako na jina la mutoto, ukamufunga kwa mugongo, naye akalia ananiita mpaka mukapotea kwa kona. Nilikimbia kwa chef. Nilimuambia huyu mwanamuke ana kichwa kibovu, uliza kanisa. Chef akanijibu, "Mama, alikuja kwangu asubuhi. Alisimama pale penye umesimama, akanieleza siku ile yote, toka gari ya mapadri mpaka ule askari. Hakulia, hakupaza sauti. Nilimukatiza akarudilia pale pale penye alikuwa. Mutu wa kichwa kibovu haelezake vile." Na bibi ya chef alikuwa kwa mulango asubuhi ile, amesikia yote. Sasa bamama banapita upande wa pili wa njia.

Uliniandikia sweta. Nilikungojea hiyo sweta.

Elsa, anakohoa. Sirop yake imebaki hapa kwa meza. Bouillie ikiwa moto anakataa, ungoje ipoe. Halali bila kukunwa mugongo, hapa kati ya mabega, polepole. Akishtuka usiku anatafuta na mukono. Kama hapati mutu, analia mpaka anatapika.

Mungu anisamehe, nampenda kuliko bale nilizaa. Mumurudishe. Ao nikuje mimi, nilale kwa jiko, hata sitasema kitu. Nyumba hii inanyamaza vibaya sana.

Kyakimwa

*

Beni, tarehe 28/6/2003

Mama Kyakimwa,

Sirop nilinunua ingine. Kikohozi kimekwisha.

Ndiyo, nilikudanganya, na sijuti. Kwa Mama Mariette sikuacha kwenda hata mara moja. Ile barua tamu niliandika kwa benchi yake. Hakupenda niandike vile.

Utataka kujua njia ilikuwa namna gani. Alilia kutoka kwako mpaka Maboya. Pale kwa barrière askari alisimamisha gari, akachungulia, akauliza, "Huyu mutoto ni wa nani?" Shalom akaniponyoka kwa magoti, akanyoosha mikono kwa mama moja mwenye alibeba kuku, mutu hatumujui, juu alivaa kilemba kama chako. Harufu ya maternité ikaingia puani. Nilikanyaga chuma ya gari kwa nguvu. Nikasema, "Ni wangu. Nilimuzaa Butembo wakati wa risasi, nikagonjwa, akalelewa na mwingine. Hanijui bado." Askari alinitazama sana, halafu akashusha kamba.

Juu ya ule askari mwingine, wa muwa, Mama Mariette aliniuliza nasikia nini ndani ya moyo. Nilimuambia sijui jina lake, na kama alikufa vitani, hakuna mutu ataweza kumuambia mama yake kwamba kuna damu yake inatembea Beni. Hiyo nimeweza kuisema. Ya maziwa, bado. Nikifika pale tunaanza tena toka kwa mulango.

Shalom hanipendi. Nikimukuna mugongo anasukuma mukono wangu. Jumatatu aliniuma bega, na bibi ya Salomon akasema nimuchape. Jua ikishuka anasimama kwa mulango, anaita "Mama," na hapana mimi anaita. Bibi ya Salomon anataka nimukataze, nimufundishe kwamba hiyo jina ni yangu. Nilikataa. Nakaa chini karibu yake, simushiki, sisemi kitu, namuacha akuite mpaka achoke. Kitambaa sitamuwekea mudomoni.

Halafu ananyoosha kidole kwa njia ya Butembo na kunitazama. Sitaki akue na uongo, basi namuambia kweli: iko kule, ni muzima, alikulea, anakulilia. Na hatakuja.

Usikuje.

Elsa, mama ya Shalom